Majani Matano kwa Kikonyo

9 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Kwanza habari ya simu. Usihangaike kupiga. Ilizama kwenye ndoo ya samadi nikiwa kazini, ikatoa povu mara mbili, ikakata roho. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani, na mimi kalamu haijawahi kunitisha. Shule niliacha darasa la tano, si kwa kushindwa. Mwalimu mwenyewe aliniita pembeni akaniambia, "Wewe ukiendelea, mimi nitafundisha nini?"

Mwambie dada kwamba mwaridi wake umepata daktari. Ulipompeleka hospitali kwa ajili ya macho mkaniachia nyumba, ule mti pale mlango wa jiko ulikuwa maiti iliyosimama. Majani yana madoa meusi, matawi yamekauka, ua hata la kusingiziwa halipo. Mtu mwingine angeleta shoka. Mimi niliuzunguka siku tatu bila kusema neno, kama anavyozungukwa ng'ombe wa kununuliwa. Siku ya nne nikaingia na mkasi.

Nimekata takataka yote ya juu. Yote! Vile vijiti vyeusi vya kizee nimevirusha ng'ambo ya ukuta, kwa Fundi Saa, apate cha kufagia, maana mtu aliyetengeneza saa za watu miaka arobaini hana kazi sasa ila kunichungulia. Nikabakiza machipukizi manne yaliyotoka chini, manene kama vidole vya mpiga mieleka. Nikayapa samadi. Mpwa wangu, yanakua mpaka yanasikika! Juzi nilikuwa nakunywa chai pale kizingitini, nikasikia "krrk". Nikageuka. Lilikuwa tawi linajinyoosha.

Dada akirudi atakuta msitu.

Ila huyo Fundi Saa simwelewi. Niliporusha vijiti, yeye aliinama akaviokota kimoja kimoja. Mtu na akili zake anaokota taka? Nitamwangalia kwa jicho la tatu.

Mjomba wako,
Simba wa Bustani


20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika, na nimemsomea mama nikiwa kwenye cherehani, yeye amekaa pembeni ya dirisha. Alicheka uliposema habari ya mwalimu.

Kuhusu macho, daktari ametuambia wazi wiki hii. Hayatarudi. Mama amelipokea vizuri kuliko mimi. Anachokisema kila siku ni kimoja: anataka kurudi kwake mwezi wa sita, akae nyumbani kwake na wewe, asiwe mzigo kwenye chumba changu kimoja. Anasema harufu ya ule mwaridi itamwonyesha mlango wa jiko ulipo, na akishaupata mlango wa jiko, nyumba iliyobaki anaijua.

Kwa hiyo ameniambia nikuulize jambo, nami naliandika kama alivyolisema: "Hayo machipukizi manne yametoka juu ya kifundo au chini ya kifundo?" Anasema unakijua kifundo. Ni pale bibi alipoufunga mwaridi wake juu ya shina la mwitu, zamani, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Anasema juu ya kifundo ni waridi la bibi, lile jekundu zito. Chini ya kifundo ni mwitu mtupu.

Tafadhali jibu hilo kwanza kabla ya hadithi nyingine. Na ua la kwanza likichanua, weka petali kwenye bahasha. Mama anasema bora simu ilivyokufa, simu haibebi harufu.

Mpwa wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mwaridi umefika usawa wa dirisha. Jana mpita njia alisimama langoni akauliza kama hapa ni ofisi ya serikali, maana kwa watu wa kawaida hajaona ua kama hili. Nilimwambia apite aendelee na safari yake.

Kifundo! Dada na vifundo vyake. Mwambie mti ni mti. Damu ya mguuni na damu ya kichwani si ni ya mtu mmoja? Juu, chini, pembeni, yote yako pale pale kwenye mlango wa jiko. Asijisumbue.

Petali hizi hapa, nimeweka nne. Zikifika zimefifia ni safari. Anuse.

Sasa jambo kubwa. Fundi Saa anafuga kitu. Nilipanda juu ya pipa kuchungulia (si kwa umbea, nilikuwa naangalia ukuta kama una ufa) nikaona kwenye kivuli, nyuma ya chumba chake, chupa tatu za jamu zimepinduliwa juu ya udongo, mdomo chini. Ndani zinatoka jasho. Mpwa wangu, chupa inatoka jasho! Kila asubuhi anakuja anachuchumaa, anaziangalia kwa ile lenzi yake ya saa, anaondoka kimya. Hamwagi kitu, hapandi kitu, anaangalia tu. Na tangu aziweke, mwaridi wangu umeanza kuwa na tabia ambazo sizitaji hapa.

Lisemwalo lipo. Mtu haokoti vijiti vya jirani kisha akafunika vitu kwa chupa kwa heri.

Mjomba wako,
Simba wa Bustani


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nitakwambia jinsi ilivyokuwa, usije ukasema nimeongeza.

Nilifungua bahasha nikampa mama petali mkononi. Alizipapasa, akasema, "Nyembamba." Akazipeleka puani. Kisha akasema, "Hili waridi limetoka kunyolewa ndevu."

Mjomba, ni yale maji ya kinyozi. Yale unayojipaka shavuni ukitaka kwenda mjini. Hata mimi niliyasikia kabla bahasha haijafunguka vizuri. Na wekundu umekwisha wote, safari hiyo ni ndefu mno.

Sasa nami nauliza. Mwaridi wa bibi uko wapi? Umeung'oa? Umempa mtu? Kila siku kuna mtu anasimama langoni kuusifu, lakini swali la kifundo hujalijibu. Umezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mjomba, mimi nimekua kwenye hadithi zako, najua ukianza kutaja wapita njia kuna kitu umefunika.

Mama anataka jani. Si ua, jani. Anasema waridi la bibi kikonyo kimoja kina majani madogo matano. La mwitu lina saba. Tuma kikonyo kizima, usikipake kitu.

Hakusema kuhusu safari ya kurudi leo. Kwa kawaida anaitaja kila jioni.

Mpwa wako


10 Aprili

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa sababu maneno kama yale hayasomwi umekaa.

Mimi? Maji ya kinyozi yalikuwa kwenye mfuko wa shati, petali nikaziweka kwenye mfuko huo huo, zikapakana. Ni kosa la fundi wa shati kushona mfuko mmoja. Wewe ni mshonaji, unajua.

Halafu niulize na mimi, maana mdomo si wako peke yako. Mbona uchunguzi huu wote? Petali, majani, vifundo! Au kuna mtu ameshakuonyesha karatasi za kuuza nyumba, sasa unatafuta sababu ya kuniondoa? "Mjomba ameua mti, atoke." Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimelala kwenye nyumba hii karibu miezi mitatu nikiilinda kwa mikono yangu. Niliwahi kumfukuza mwizi kwa kukohoa tu.

Jani hili hapa. Hesabu. Matano. Mwekee dada mkononi naye ahesabu, halafu mnitake radhi wote wawili kwa mpigo.

Na kama mwaridi una hitilafu yoyote (sisemi unayo) mwenye kujua ni yule mwenye chupa. Nimevumilia. Jumamosi hii Fundi Saa akienda kuchukua maji, naruka ukuta, na zile chupa nazipiga teke moja moja. Tutaona kinachotoka humo.

Simba wa Bustani


Jumamosi, 13 Aprili

Jirani mwema,

Natumaini binti yako atakusomea. Mimi si mtu wa barua.

Mwezi wa pili mdogo wako alikata mwaridi wote juu ya kifundo, akabakiza mwitu. Alivirusha vijiti kwangu. Vingi vilikuwa vimekufa. Vitatu vilikuwa bado na kijani chini ya ganda. Nilivichomeka kwenye mchanga na udongo, nikavifunika kwa chupa visikauke, kama ulivyonionyesha mwaka ule wa mvua kubwa.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Nilikwenda ukutani mara nne kumwambia. Mara ya kwanza alinisimulia jinsi alivyomfukuza mwizi kwa kikohozi. Mara ya pili, habari ya simu iliyokata roho. Mara ya tatu na ya nne sikumbuki, lakini niliporudi nyumbani chai ilikuwa imepoa. Nikaona ningoje viote mizizi, nimpe mti badala ya maneno.

Nilikuwa na chupa tatu. Leo saa nne asubuhi nimebaki na mbili. Mdogo wako hakuumia, ila kiatu chake kimoja kiko kwangu.

Fundi wa saa


16 Aprili

Mjomba,

USIGUSE CHUPA. Naandika hili juu kabisa ulione kwanza. Leo ni Jumanne na wewe ulisema Jumamosi, kwa hiyo najua naandika nikiwa nimechelewa, lakini naandika.

Nilipomsomea mama habari ya chupa kwenye barua ya Machi, mawazo yake yalikuwa kwenye petali. Safari hii alinishika mkono kwa nguvu. Anasema hivyo ndivyo mwaridi wa bibi unavyozaliwa: kijiti, mchanga, chupa juu yake, na jasho ndani ni dalili kwamba kinapumua. Vijiti ulivyorusha wewe mwenyewe, Mjomba! Fundi Saa alikuwa anaokota mti wetu.

Sasa jani. Nililiweka kiganjani mwake. Alihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mimi nikafurahi, nikataka kukuandikia radhi siku hiyo hiyo. Lakini yeye hakuacha. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kikonyo, taratibu, toka juu hadi chini, kama anatafuta mshono. Akasema, "Hapa palikuwa na ndugu wawili. Wameng'olewa. Makovu bado mabichi."

Mjomba, ulikaa ukayang'oa. Mawili, kwa vidole vyako. Ukaniambia nihesabu.

Nyumba haiuzwi. Hakuna karatasi yoyote. Ninakuandikia maneno ya mama kama alivyoyasema, sijaongeza nukta:

"Mwambie mdogo wangu, mti kufa si kosa. Hata mama yetu aliua miwili kabla ya ule kushika. Lakini mimi sasa nitaishi kwa macho ya kuazima. Nikiuliza kama mbele yangu kuna ngazi, nataka kuambiwa ngazi. Mtu anayeng'oa majani mawili ili nisijue, siku moja ataniambia njia ni nyeupe, nami nitaanguka. Sirudi."

Nimemwuliza mara tatu kama niandike hilo la mwisho. Amesema niandike.

Mpwa wako


25 Aprili

Dada,

Barua hii ni yako. Mpwa asome tu.

Nilipiga teke. Jumamosi, saa nne. Chupa ya kwanza ilipasuka na ndani mlikuwa na kijiti chenye majani mawili na mizizi mitatu, meupe, kama nyuzi za kushonea. Nilisimama pale na mguu mmoja hewani. Fundi Saa akatokea na ndoo yake ya maji. Aliiweka ndoo chini akapiga magoti akakiokota kile kijiti, akakirudisha kwenye udongo, akakifunika kwa bakuli. Mimi niliruka ukuta nikaacha kiatu. Kijiti kilikufa siku ya tatu.

Barua ya mpwa ilifika tarehe 22. Nilikuwa nimeshajua.

Kuhusu kifundo, nilikijua toka mwanzo. Nilikuwa nakijua kama ninavyolijua jina langu. Ila yale machipukizi ya chini yalikuwa na afya na ya juu yalikuwa yanakufa, nami nikasema mwenye nguvu ndiye atakayeishi, nikakata. Nilijiambia pengine mizizi inajua zaidi. Ua la kwanza lilipochanua lilikuwa na petali tano, jeupe, jepesi kama bandeji, nikaliweka puani halikunuka kitu. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda kuchukua maji ya kinyozi.

Hakuna mpita njia aliyewahi kusimama. Langoni hapasimami mtu, dada. Siku nyingine anayenisemesha ni Fundi Saa tu, na yeye ndiye niliyekuwa nikimwita mchawi.

Niliogopa. Ukikuta mti umekufa utaniuliza, "Kazi moja, na hiyo umeshindwa?" Umewahi kuniuliza hivyo, mara moja, zamani, wala hukukumbuka kesho yake.

Chupa ya pili imeota ukungu wa kijivu, Fundi Saa amesema haitapona. Imebaki moja. Ina majani mawili na jingine linakuja. Ameniruhusu kuiangalia kutoka kwenye pipa, nisishuke upande wake. Nimekubali. Sikutumii jani, kwa sababu hayo iliyonayo inayahitaji.

Mdogo wako


4 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimemsomea yote. Nilipofika pale pa "kazi moja" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Nilisema hivyo kweli." Basi.

Maneno yake ni haya: "Hilo la kutorudi lingoje kwanza. Aniambie kutoka langoni hadi mlango wa jiko kuna nini. Kila kitu. Na kile kijiti kikiota majani ya kutosha, jani moja, Fundi Saa akikubali."

Mpwa wako


28 Mei

Dada,

Nimepima mara mbili, mara ya kwanza macho wazi, mara ya pili nimefunga kitambaa. Ya kitambaa ndiyo sahihi.

Ukifungua lango, komeo linabana, inabidi ulinyanyue kidogo. Kutoka hapo ni hatua kumi na tisa zangu, zako labda ishirini na mbili. Hatua ya saba kuna kigae kimevunjika, mguu unaingia. Nilikivunja mimi nikibingirisha pipa mwezi wa kwanza, nikakifunika kwa mkeka. Mkeka nimeutoa. Kigae bado, fundi amesema wiki ijayo, mimi simwamini, nikiona kimya nitaweka saruji mwenyewe. Hatua ya kumi na mbili kuna kamba ya nguo usawa wa shingo yako. Nimeipandisha. Nilipofunga kitambaa ilininasa hapa chini ya kidevu, alama ninayo.

Ngazi za jiko ni tatu. Ulizoea mbili. Ya chini ilikuwa imezama kwenye udongo, nimeifukua.

Mwitu nimeung'oa. Ulinichukua siku mbili, na mikono yangu imechanika (hiyo ni kweli, muulize jirani). Pale ulipokuwa ni udongo mtupu, hapanuki kitu ila samadi.

Wiki iliyopita Fundi Saa aliupitisha mche juu ya ukuta, kwenye kopo la rangi lenye matobo chini. Hakutoa hotuba. Alisema, "Kivuli asubuhi, usimwagie majani, na usiusimulie hadithi." Uko kushoto kwa mlango wa jiko. Urefu wake ni kidole changu cha kati na nusu yake. Hauna ua, mwaka huu hautakuwa nalo. Harufu hauna. Ukija hautakuonyesha mlango. Mlango nitakuonyesha mimi, kwa kukaa hapo nikikohoa.

Una vikonyo vitano. Fundi Saa amekubali kimoja. Kina majani matano. Moja limetobolewa na mdudu, la pili kutoka chini, upande wa kulia. Nilitaka kukutumia kizuri zaidi. Nimekutumia hicho.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Mpwa wako anaandika, maneno ni yangu.

Limefika. Nimehesabu matano. Tobo la mdudu nimelipata, la pili kutoka chini, kulia, kama ulivyosema. Kovu sikulipata.

Tunapanda basi Alhamisi. Rekebisha kigae. Mrudishie jirani ndoo yake kama uliwahi kuiazima, maana nakujua.

Tandika kitanda.

Dada yako